Ugumu Sawa, Kushtukizwa Hapana

Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 2015, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko karibu na mabweni ya Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapakuwa na mtu mwenye bunduki. Palikuwa na kishindo, giza, na mamia ya vijana waliolala wakiwa na habari moja vichwani. Siku kumi kabla, tarehe 2 Aprili, alfajiri vilevile, watu 148 walikuwa wameuawa katika shambulio la chuo kikuu cha Garissa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Kikuyu wakaruka madirishani, wengine kutoka ghorofa za juu. Mmoja alifariki, zaidi ya mia wakaumia. Walio wengi kati yao, Garissa walikuwa wameiona kwenye runinga tu.

Huwa naikumbuka alfajiri hiyo kila ninapomsikia mhadhiri mwenzangu akisema kwamba ufundishaji unaozingatia kiwewe, yaani kuliendesha darasa ukijua kwamba baadhi ya waliomo wanabeba hofu ya mambo yaliyopita, ni anasa ya vyuo vyenye fedha. Nimefundisha chuo kikuu miaka ya kutosha kuyasikia maneno ya aina hii kwenye chumba cha wahadhiri na kwenye vikao vya mitihani, na baadhi yake nimeyasema mwenyewe. Nitayajibu moja moja, ingawa hayana uzito sawa.

«Haya ni mambo ya Wazungu.»

Istilahi yenyewe, naam, imetoka huko. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti wao wa San Diego kuhusu madhila ya utotoni na afya ya ukubwani. Mwaka 2014 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili na uraibu ikatoa mwongozo wenye kanuni sita, ya kwanza ikiwa usalama na ya pili uaminifu na uwazi. Walimu wakachukua humo walichokiona kinafaa darasani.

Lakini kiwewe chenyewe hakikupanda ndege. Neno tunalo tangu zamani, na jirani zetu wa Rwanda wanalo lao, ihahamuka, ambalo baada ya 1994 lilibeba maana ya mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu ya jambo lililokwisha kupita. Kila Aprili, kwenye kumbukumbu za mauaji ya kimbari, hukaa tayari watu waliofunzwa kuwashika mkono wale wanaozidiwa ghafla katikati ya umati. Hakuna aliyewafundisha Wanyarwanda kwamba sauti, wimbo au tarehe inaweza kumrudisha mtu alikokimbia.

Sisi nasi tuna adabu zetu za msibani. Mfiwa haulizwi ajali ilikuwaje. Unampa pole, unaketi mkekani, ukikosa la kusema unanyamaza, na hakuna anayemtuma sokoni. Maji yatachotwa na wengine, chakula kitapikwa na wengine. Kisha mfiwa huyohuyo anarudi chuoni, na dirisha la kwanza analolifikia linamdai cheti cha kifo chenye mhuri, nakala mbili. Utaalamu tunao. Tunauvua mlangoni mwa ofisi kama viatu.

«Sisi tulisoma kwa shida kuliko hawa, na mbona tulifaulu?»

Anayesema hivi huwa amekaa kwenye kiti cha mhadhiri. Yule aliyedisko mwaka wa pili, akaondolewa chuoni kwa kufeli, au aliyekeri masomo matatu, akatakiwa kuyarudia, akaona bora arudi kwao akalime, hayumo chumbani kutoa ushahidi wake. Tukihesabu waliofika tu, kila njia itaonekana inapitika.

Kuna la pili. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ukiwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa asilimia 13.4. Karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au viboko, na takriban nusu walisema aliyewafanyia hivyo ni mwalimu.

Hao wa mwaka 2009 leo ni watu wazima. Mdogo wao kabisa ana miaka kama thelathini, na baadhi yao ndio wahadhiri wasaidizi wanaoniambia kwamba wao walivumilia. Siwabishii, kweli walivumilia. Ila nikimwona mmoja anamwinua mwanafunzi kwa kidole, «wewe mwenye shati jekundu, simama, jibu», huku darasa likicheka, najiuliza alijifunza wapi kwamba darasa huendeshwa hivyo. Mwanafunzi aliyesimama anaweza kuwa analijua jibu. Mwili wake, hata hivyo, umemwona mwalimu aliyenyoosha mkono, na mwili una kumbukumbu zake kuhusu mikono ya walimu.

«Kunashusha viwango. Maisha hayamwonei mtu huruma, na chuo kisimdekeze.»

Hili ndilo dai zito, na wanaolitoa ni watu wanaojali kazi yao. Ila limechanganya vitu viwili: ugumu na kushtukiza.

Nchi zetu zinapenda kushtukiza. Kiongozi akitaka kuonekana mchapakazi hufanya ziara ya kushtukiza, na kamera humkuta mlangoni. Mhadhiri naye akitaka kuonekana mkali huingia na kwizi ya kushtukiza, hubadilisha tarehe ya tesiti Jumapili usiku kwenye kundi la WhatsApp, hukataa kusema alama zitagawanywaje, kisha huita hayo yote viwango. Nimefanya hivyo miaka mingi na niliamini naandaa watu wa kazi.

Tuirudie Kenya, mwaka uleule. Tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi la usalama la kuigiza shambulio. Lengo lilikuwa jema, kuwaandaa watu. Milio ya risasi ikasikika, na wengi waliokuwemo hawakujua kwamba ni maigizo. Watu wakaruka tena kutoka juu. Mfanyakazi mmoja alifariki, makumi wakajeruhiwa. Zoezi gumu lililotangazwa lingewafundisha njia za kutokea. Hili la ghafla, miezi minane tu baada ya Garissa, liliwafundisha kuruka.

Darasani hakuna anayeruka dirishani, lakini utaratibu wa ndani haupishani sana. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale amechunguza kwa miaka mingi sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ambako tunashikilia hoja mbili kwa wakati mmoja, tunapanga, tunajizuia. Katika makala yake ya 2009 alieleza kwamba hata mfadhaiko mdogo, ukiwa wa aina ambayo mtu hana namna ya kuudhibiti, huidhoofisha sehemu hiyo haraka. Usukani hushikwa na sehemu za zamani za ubongo, zile za kukimbia, kupigana au kuganda. Kinachoumiza zaidi hapo ni kukosa udhibiti. Swali gumu la hesabu lililotolewa kwa tarehe inayojulikana, kwa mwongozo wa usahihishaji unaojulikana, linabaki gumu, na mwanafunzi analikabili akiwa na ubongo wake wote. Swali lilelile likimwangukia kama kibaka gizani, unapima kasi ya kujikusanya baada ya mshtuko. Kama unafundisha zimamoto, pengine hicho ndicho unachotaka kupima. Mimi sifundishi zimamoto.

«Lakini kwizi zinasaidia kukumbuka.» Zinasaidia sana. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojijaribu baada ya kusoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma tu. Faida hiyo imo katika kujijaribu. Tangaza kwamba kwizi yako itakuwa kila Jumatano, ifanye ngumu upendavyo, na faida inabaki palepale.

«Mimi ni mhandisi, si mshauri nasaha.»

Hapa nakubaliana na msemaji kuliko anavyotarajia. Mhadhiri anayejaribu kutibu ni hatari. Mwaka 2014 Janice Carello na Lisa Butler waliandika makala kuonya dhidi ya walimu wanaodhani kwamba kuzungumzia kiwewe darasani ni sawa na kufundisha kwa kukizingatia. Wapo wanaotoa kazi kama «Andika insha kuhusu siku mbaya kuliko zote maishani mwako», wakidhani wanafungua mioyo. Mwanafunzi anaandika kwa sababu anahitaji alama. Anayemwaga moyo wake anarudishiwa kumi na mbili kwa ishirini, na maoni pembeni: «Zingatia upatanifu wa kisarufi.» Aliyenyamaza anabaki akijiuliza kama angepata zaidi endapo angefichua zaidi. Nimeyaona maswali ya namna hiyo katika kozi za ualimu, na walioyatunga walikuwa watu wema.

Mpaka wa kazi yangu ni mfupi. Mwanafunzi akija ofisini machozi yakimlenga, nafunga kitabu, namwambia pole, namwambia hana haja ya kunieleza lolote asilotaka kulieleza. Kisha namwambia nani anayeweza kumsaidia: jina, chumba, saa za kufungua, na kama akipenda tutatembea pamoja hadi mlangoni. Hilo la kutembea pamoja lina maana, kwa sababu ofisi za ushauri nasaha vyuoni mara nyingi ziko mwisho wa ukumbi uleule wa mlezi wa wanafunzi, ambako watu huitwa kwa makosa ya nidhamu, na hakuna anayependa kuonekana akielekea huko peke yake. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 unasema mambo yanayofanana sana na hayo. Tazama, sikiliza, unganisha. Usimlazimishe mtu kusimulia. Mhandisi anaweza kuyafanya hayo bila kubadili kazi.

«Watadanganya.»

Watadanganya. Wameshadanganya. Nina mwanafunzi aliyezika bibi mmoja mara mbili ndani ya muhula mmoja, na mara ya pili alisahau kwamba mara ya kwanza alinionyesha picha ya jeneza.

Lakini ni picha nyingine ya jeneza iliyonifanya nifikiri upya. Katika chuo kimoja nilichofundisha, ambacho sitakitaja, aliyekosa tesiti kwa msiba alitakiwa kuleta ushahidi kwangu, kisha kwa mkuu wa idara, kisha kwa mkuu wa kitivo, kisha kwa ofisi ya mitihani. Madirisha manne. Katika kila dirisha alisimulia upya, kwa sababu barua iliyoandikwa dirisha la kwanza haikufika la pili. Kijana mmoja alinijia na simu mkononi. Kabla sijamwambia neno akaanza kunionyesha picha moja baada ya nyingine: wodi, jeneza, kaburi, udongo mbichi. Alishika simu kwa mbali kidogo, uso ameugeuzia ukutani. Nikagundua kwamba hakuwa ananionyesha mimi. Alikwisha kuzoea madirisha. Babaye alikuwa amekufa siku tisa kabla.

Aliyezika bibi mara mbili alipita madirisha yote manne bila taabu, maana hadithi yake haikumgharimu kitu na mihuri hununuliwa. Aliyezika baba alilipa kila dirisha. Ukiutazama kwa utulivu, utaratibu ule ulikuwa unamtoza mkweli na kumwacha mwongo apite bure. Na wale wenye sababu zisizo na mhuri, binti aliyebakwa na mpangaji mwenzake, kijana ambaye baba wa kambo amemfukuza usiku, hawakuja dirishani kabisa. Walipata sifuri, wakasubiri sapu, yaani mtihani wa marudio, wengine wakapotea.

Dawa niliyoipata haihitaji imani kubwa kwa binadamu. Kuna kwizi kumi. Nahesabu nane bora. Kila mmoja ana saa 48 za ziada za kutumia mara moja kwa muhula kwenye kazi ya nyumbani, na fomu yake ina sehemu mbili tu, namba ya usajili na tarehe. Haiulizi sababu. Mvivu atazitumia kwa uvivu wake na zikiisha zimeisha. Aliyefiwa atazitumia akiwa bado Songea au Kigoma, bila kumwandikia mtu barua. Uongo umepungua ofisini kwangu, na si kwamba watu wametakasika. Uongo umekosa soko tu.

Liko jambo moja lililo nje ya uwezo wangu: mtihani wa mwisho una kanuni za chuo, na aliyeukosa atapita madirisha yake. Pale ninachofanya ni kuandika barua moja, kwa idhini yake, yenye maneno «sababu zake nimeridhika nazo», na kuomba wengine wasiulize tena. Mara nyingine wanakubali.

«Darasa langu lina watu mia sita, nitawajua vipi waliojeruhiwa?»

Usiwajue. Ndiyo maana ya kuweka utaratibu kwa wote. Karatasi moja ya mpango wa kozi, yenye tarehe zote na mgawanyo wa alama, isiyobadilishwa bila taarifa ya wiki moja, inawafikia mia sita kwa gharama ileile ya kumfikia mmoja. Mlango wa nyuma uachwe wazi ili anayetaka kutoka atoke bila kupita mbele ya projekta. Taa zisizimwe ghafla. Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, usiweke siku hizohizo tarehe ya mwisho ya kazi inayohitaji kuchapwa kwa fedha. Nadhani hayo yanatosha kwa ukumbi wa mia sita.

Sasa niwageukie wa upande wangu, maana nao wana madai yao, na mengine hayasimami.

Wanasema weka onyo kabla ya kila mada nzito na utakuwa umewalinda. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2023 na Victoria Bridgland na wenzake uligundua kwamba maonyo ya namna hiyo hayapunguzi maumivu ya kukutana na mada. Kinachoongezeka ni wasiwasi wa kuisubiri. Bado mimi huwaambia wanafunzi wangu Ijumaa kwamba Jumatatu tutasoma ushuhuda wa mateso. Nawaambia kwa sababu ileile ninayotangazia kwizi, mtu ajue anakokwenda. Sidai kwamba inatibu. Na sitaiondoa mada. Anayefundisha sheria lazima afundishe makosa ya jinai, anayefundisha historia lazima afike kwenye minyororo na soko la watumwa la Mkunazini. Kumficha mwanafunzi utumwa wa Zanzibar kwa jina la huruma ni kumnyima elimu aliyoilipia.

Wanasema pia kwamba kila mwanafunzi ni majeruhi. Hapana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu hukutana na tukio la kutisha katika maisha yao, lakini ni wachache, kama asilimia 5.6, wanaoishia na ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe. Walio wengi husimama tena kwa nguvu ya ndugu, marafiki, sala na muda. Mhadhiri anayemtazama kila kijana kama chungu chenye ufa anamkosea heshima kwa namna mpya. Kuna walionusurika Garissa ambao walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, wakaendelea na masomo na kuhitimu. Chuo cha Garissa chenyewe kilifunguliwa tena Januari 2016. Hao hawakuhitaji masomo rahisi. Walihitaji vitanda, usalama, watu wa kuzungumza nao walipotaka, na mihadhara ileile ya wenzao.

Kwa hiyo mitihani yangu haijapungua ugumu. Mwaka jana mwenzangu mmoja, yule mkali kuliko wote idarani, aliomba aione. Akaisoma yote akiwa amesimama, akasema swali la nne limezidi. Nikamwambia wanafunzi walijua tangu wiki ya tatu kwamba litatoka sura hiyo. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunisikitikia.

Kisha akauliza swali ambalo sina jibu lake. Tangu nimeacha kwizi za kushtukiza, ukumbi wangu wa Jumatatu saa moja asubuhi umepungua watu, hasa wiki za kati ya muhula, na wanaobaki nyumbani si wagonjwa wala wafiwa, wamelala tu. Aliniuliza nitawaletaje. Nimejaribu kuhamishia kwizi Jumatatu, kwa kutangaza. Wakaja, wakafanya kwizi, nusu wakatoka kupitia mlango ule wa nyuma niliouacha wazi.